Mnyonyaji wa Maisaka

Kabla sijawafundisha namna ya kuokoa okidi iliyooza mizizi, niwaambie kwanza nilichokuwa nakijua kuhusu okidi, maana nilikuwa najua mengi sana. Nilijua kwamba okidi inakula watu.

Habari hiyo niliipata mahali pa kuaminika kabisa, kwenye foleni ya bucha. Hoja yenyewe ilikuwa imenyooka kama rula. Mmea huu hauoti kwenye udongo. Kila chenye uhai lazima kile. Sasa kama hauli udongo, unakula nini? Ukiwa juu ya mti, unanyonya mti. Ukiuleta nyumbani, unanyonya pumzi za waliolala. Kuna bwana mmoja wa Bonga, ambaye jina lake hakuna aliyelijua, maana watu wa habari kama hizi huwa hawana majina, aliiweka chumbani. Akakonda mpaka mkanda wa suruali ukamzunguka mara mbili na ncha yake ikabaki inatafuta pa kwenda. Alipokwisha yeye, mmea ukahamia kwa mbuzi.

Nikaamini. Tena niliamini mpaka nikawa naongezea na vya kwangu. Kwa upande wangu mbuzi walikuwa wengi zaidi. Na tafadhali kumbukeni kwamba wakati huo nilikuwa nimeshahitimu masomo ya jioni, cheti kimetundikwa sebuleni juu kuliko picha yangu ya harusi. Biolojia nilipata alama ambayo mwalimu mwenyewe alisema hajawahi kuiona tangu aanze kusahihisha.

Basi vijana, nyie mnaotaka kuingia kwenye kazi ya bustani kwa sababu mmeona kwenye simu kwamba inalipa na haichoshi, kaeni chini. Mimi nimetunza bustani Babati hii tangu miti mnayoegeshea pikipiki kivulini mwake ilipokuwa miche ya kuvuka kwa hatua moja. Nimepanda nyasi kwenye nyumba ya wageni kule karibu na ziwa, viboko wakaja wakazila. Nikapanda tena, wakaja na wakwe zao. Nimekata michongoma ya wakubwa wa kila aina, na kila mkubwa alikuwa anajua kukata michongoma kuliko mimi, tatizo lake lilikuwa moja tu, kwamba hajawahi kushika mkasi. Nimestaafu nikiwa na mgongo wenye umbo la alama ya kuuliza na vidole vyote kamili, jambo ambalo katika kazi hii ni kama kupata nishani.

Okidi ya kwanza kuipata mkononi mwangu niliiua. Nasema hivyo bila aibu kwa sababu niliiua kitaalamu. Ilikuwa kwenye baraza la ile nyumba ya wageni, imeachwa na mgeni, na mkuu wangu wa kazi alikuwa Mzee Bura, mtu wa Sigino, mwembamba, mkavu, asiyependa maneno. Akaniambia, "Itoe, kata mizizi iliyokufa." Akaenda zake kunywa chai.

Nikaitoa. Nikakuta mizizi ya aina mbili. Mingine ilikuwa myeupe, ya rangi ya fedha, minene, imejikunja inatoka nje ya chungu kama inatoroka. Mingine ilikuwa ya kahawia, imelala chini kwa adabu, imelowa vizuri. Sasa jamani, mzizi unaofahamika duniani una rangi gani? Si kahawia? Nikaikata yote myeupe, nikaipanga hiyo mitulivu ya kahawia kwa upole, nikamwagia maji.

Mzee Bura akarudi, akaangalia kilichobaki, kisha akaangalia kilicholala chini.

"Baba Safari," akasema, "umechinja mgonjwa, umebakiza ugonjwa."

Akanishika mkono kama mtoto wa chekechea, akanibinyisha mzizi mweupe. Ulikuwa mgumu, kama maharage mabichi. Akanibinyisha ule wa kahawia. Ulibonyea, maji yakatoka, ganda likateleza likabaki mkononi, na katikati kukawa na kauzi tu.

"Macho yako yapumzishe," akasema. "Uliza kwa vidole."

Hilo ndilo somo zima la mizizi ya okidi. Mzizi mgumu ni mzima, uwe mweupe, kijani au umechafuka kama soksi. Mzizi uliolegea kama tambi zilizosahaulika kwenye sufuria umekwisha, hata kama rangi yake inakufurahisha. Ule weupe ni kiu tu. Ukiumwagia maji unakuwa kijani mbele ya macho yako. Nyie mnaojifunza kwa video, hapo ndipo video huwa inaruka kwenda kwenye tangazo la sabuni.

Sasa nije kwa Mama Neema wa Maisaka.

Mama Neema ni mjane, ana ng'ombe wawili wa maziwa, shamba la mahindi na maharage, na mparachichi mmoja uani ambao anauheshimu kuliko diwani. Binti yake, Neema, ni muuguzi wa kituo cha afya hapa hapa mjini. Neema aliolewa Arusha na kijana anaitwa Elibariki, dereva wa watalii, mpole, mrefu, mwenye tabia ya kuinama anapopita mlangoni hata kama mlango unamtosha. Kampuni aliyokuwa anaendesha ikafungwa. Neema akapata uhamisho wa kuja Babati. Elibariki akamfuata, wakafikia kwa mama "kwa muda mfupi".

Ule muda mfupi ulirefuka, kama ilivyo kawaida ya muda mfupi.

Nyie vijana mmezaliwa mjini, labda hamjui maana ya mwanamume kuishi kwa mama mkwe hapa kwetu. Mama mkwe anakuogopa na wewe unamwogopa. Chakula hakiliwi kwa raha. Choo kinakwendwa kwa mahesabu. Na majirani wanapata kazi ya kudumu. Walimpa Elibariki majina mpaka yakawatosha wanaukoo wote: Bwana Harusi, Mgeni Rasmi, Mwekezaji. Jina lililoshika kuliko yote lilikuwa Mnyonyaji.

Na huyo mnyonyaji, katika kujipendekeza, alikuwa amemletea mama mkwe zawadi kutoka safari yake ya mwisho. Akiwa na dunia nzima ya kuchagua, vitenge, sufuria, blanketi, yeye alileta okidi.

Mnaona mambo yalivyojipanga? Mji mzima ulikuwa unajua kwamba okidi inanyonya. Sasa mnyonyaji kaleta mnyonyaji mwenzake.

Siku moja kijana akanifuata kwangu. Alikuwa amevaa shati la kazini kwake kwa zamani, lile lenye picha ya tembo mfukoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. "Mzee, lile ua linakufa."

"Maua hufa, baba. Tunashukuru yanakufa bila kutangaziwa msiba."

"Mzee, hili likifa, na mimi nimekufa."

Akanieleza akiwa amesimama. Mjomba wake Neema, kaka yake Mama Neema, alikuwa anakuja kutoka Dareda kwa kikao cha familia, na ajenda ilikuwa moja, naye ndiye ajenda. Mjomba alitaka kijana arudi kwao ajipange, na Neema abaki na mama yake "mpaka tutakapoona". Mama Neema hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Ila kila asubuhi alikuwa anasimama mbele ya lile ua, anatazama majani yanavyonyauka, anatikisa kichwa, kisha anamtazama mkwe wake.

"Anasema ni ishara," kijana akasema.

Nikavaa kofia. Nikachukua na skafu ya mke wangu, ya kujifunga puani. Msinicheke tena, nimeshawaambia kwamba niliamini.

Okidi nikaikuta sebuleni juu ya kabati la vyombo. Majani yamelala kama masikio ya mbwa aliyefokewa. Na chungu chake, wapendwa! Nilipoingiza kidole nikakuta udongo mweusi wa shambani, umechanganywa na samadi ya ng'ombe iliyoiva vizuri. Mama Neema alikuwa ameonea huruma mmea uliokuja umekalishwa kwenye vipande vya magome. Kaona ni umaskini wa huko ulikotoka. Kaupa udongo, kaupa mbolea, na maji kila asubuhi baada ya kukamua. Siku ya sikukuu kaumwagia na maji ya kuoshea ndoo ya maziwa.

"Nimeulisha," akaniambia kwa uchungu. "Nimeulisha kuliko watu wengine humu ndani, na angalia shukrani yake."

Elibariki alikuwa mlangoni. Akainama, ingawa hakuwa anapita.

"Mama Neema," nikasema, "umeulisha kama ndama."

"Sasa niulishe kama nini? Kama kuku?"

"Usiulishe kabisa."

"Baba Safari, hebu toa hiyo skafu usoni nisikie unachosema."

Sikuitoa. Nikaomba beseni la maji ya mvua. Hapa shikeni kalamu. Maji ya visima vingi vya kwetu yana chumvi na magadi, meno yetu yenye madoa ni mashahidi, na okidi haiyapendi. Kinga maji ya paa. Ugeuze mmea taratibu, udongo uache udondoke wenyewe, usivute. Unaobaki uyeyushe kwenye beseni kama unamwosha mtoto mchanga.

Tulipomaliza kuosha, Mama Neema akachungulia. "Mizizi iko wapi?"

Lilikuwa swali zuri sana. Ilikuwepo mingi ya kutisha, yote tambi. Nikabinya mmoja, ganda likatoka. Wa pili, ganda likatoka. Harufu ikapanda, na hapo skafu kwa mara ya kwanza ikafanya kazi ya kweli. Elibariki alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa beseni. Nikampa naye abinye. Akabinya, akabinya, kila akibinya uso unashuka.

"Huu," akasema ghafla. "Mzee, huu ni mgumu."

Kweli. Chini kabisa ya shina ulikuwepo mzizi mmoja mgumu, na pembeni yake kijinundu kidogo cha kijani ambacho kingekubali kuwa mzizi kama kingepewa nafasi.

Nikachukua wembe mpya, nikaupitisha kwenye moto wa jiko ili tusiugawie ugonjwa. Nikakata kila kilicholegea mpaka nikafika penye ugumu. Vidonda nikavipaka mdalasini wa unga. Mama Neema alipoona mdalasini wake wa chai unapakwa kwenye mmea, alishika kiuno.

"Na sukari utataka?"

"Hapana, mama. Tangawizi tu."

"Ipo!" akaitikia Elibariki, mbio kuelekea kabatini. Maskini, hakujua kwamba ni utani. Mama Neema alicheka mpaka akashika ukuta, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kijana yule kumsikia mkwewe anacheka.

Baada ya kupaka, acheni mmea ukae kivulini mpaka kesho yake vidonda vikauke. Hapa ndipo mikono ya binadamu inawasha. Kila mtu anataka kuupa maji, pole, na neno la faraja. Msiupe kitu.

Kesho yake tukatengeneza chungu. Elibariki alikata dumu la mafuta ya kula, akalitoboa kwa msumari wa moto kila upande mpaka likafanana na chujio. Msiogope matundu, okidi inaogopa maji yanayosimama kuliko wezi. Ndani tuliweka vipande vya mkaa, magome ya mti mkavu na makumbi ya nazi ya kuombwa kwa muuza nazi wa sokoni. Udongo hata punje. Chungu kiwe kidogo, mmea ujisikie umebanwa. Kikubwa kinabaki na unyevu katikati na mizizi inaanza kuoza upya. Kisha mfunge shina kwenye kijiti lisicheze, kwa sababu mzizi mpya ukitikiswa unakatika ncha.

"Mkaa," akasema Mama Neema. "Mnaupikia nini?"

Tukautundika kwa waya kwenye tawi la chini la mparachichi, palipo na kivuli na hewa, huku dumu likiegemea shina. Niseme ukweli wa kitaalamu: nilichagua pale kwa sababu za mwanga, na pia kwa sababu ni mbali na vyumba vya kulala. Kama ungenyonya, bora unyonye mti kuliko muuguzi wa serikali.

Mama Neema aliniona ninavyopima umbali kwa macho. "Ukidhuru mparachichi wangu," akasema, "nitakuzika chini yake uwe mbolea."

Baada ya hapo ikabaki kazi ngumu kuliko zote, kutofanya kitu. Nilikuwa napita kila baada ya muda kuangalia. Sheria nilimpa Elibariki kwa ufupi: mzizi ukiwa mweupe, nyunyiza, ukiwa kijani, pita kama huufahamu. Majani yalibaki yamelala. Mama Neema aliyatazama, akatikisa kichwa, akaenda kukamua.

Ila kila nilipopita nilikuta Elibariki ana shughuli. Siku moja anaziba banda la kuku. Siku nyingine anakatia ng'ombe majani. Mara nyingine hayupo. Ameazimwa na mwenye pikapu kupeleka mahindi mnadani. Majirani walimwona vizuri tu, nao wakatoa maelezo: mnyonyaji anajifanya. Mimi mwenyewe nililisema hilo neno kwenye foleni ya bucha, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na lazima mtu uchangie.

Siku ya kikao ikafika. Nikaenda kuangalia mgonjwa wangu asubuhi hiyo, na vijana, nilipiga kelele ambayo ilisikika Singida. Kile kijinundu kilikuwa kimekuwa mzizi! Ncha ya kijani inang'aa, nene, yenye afya. Umepenya kwenye tundu la dumu, ukanyooka, ukafika kwenye shina la mparachichi, ukajibandika pale. Na katikati ya majani yaliyolala, jani dogo jipya limesimama.

Furaha yangu ilidumu mpaka nilipokumbuka elimu yangu. Umefika kwenye mti. Sasa utaanza kunyonya.

Wakati huo mjomba alikuwa ameshafika. Mtu mzito, koti la suti, kofia mkononi. Walikuwa wamekaa kwenye viti uani wakingoja chai kabla ya kuingia ndani kwa kikao: yeye, Mama Neema, na Neema aliyekuwa amevaa sare yake ya kazi na hakuwa anamtazama mtu yeyote. Elibariki akatoka jikoni na sinia la chai.

Mjomba akamtazama kijana akija. Akasema kwa sauti ya kutosha majirani wote, "Dada, huyo mnyonyaji mnamtoa lini?"

Mimi nikaruka. Nilikuwa chini ya mparachichi, macho kwenye mzizi, na kwa mtaalamu swali lilikuwa wazi.

"Leo hii!" nikasema. "Tena wembe huu hapa. Tukichelewa atamaliza mti wote!"

Neema akasimama, akamtazama mumewe. Hapo ndipo nikaelewa swali lilimhusu nani, na nikatamani ule mmea uwe kweli unakula watu, uanze na mimi.

Mama Neema aliinuka, akaja mpaka kwenye mti wake, akaniondoa kwa kiwiko kama anavyoondoa ndama. Akaingiza ukucha wa kidole gumba chini ya ule mzizi, polepole, akauinua kidogo. Chini yake gome la mparachichi lilikuwa zima. Akapapasa kwa kidole. Hapakuwa na tundu wala jeraha, utomvu haukutoka hata tone. Akainua pale ncha ilipoanzia, akapapasa tena. Gome zima. Yule mama ameng'oa kila aina ya magugu shambani kwake, na yale majani yanayoota juu ya miti na kuikausha anayajua. Ukiyabandua, mti unabaki na donda. Akaurudisha mzizi mahali pake, akaukandamiza kidogo kwa kidole.

"Dada," mjomba akasema, "mimi sikuulizia mmea."

"Najua ulichoulizia," akasema bila kugeuka. "Eli, mpe mjomba wako chai, inapoa."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita kwa jina. Kijana alikwenda na sinia lake, hakuinama. Mimi bado nilikuwa nimesimama na wembe mkononi na skafu ya mke wangu shingoni, nikingoja maelekezo ya kitaalamu.

"Na wewe Baba Safari," akaniambia, "rudisha huo wembe mfukoni. Haunyonyi. Umeshika tu."